STANLEY: MUTU ALIYEJICHAGULIA JINA



Kila mutu hapa anajua jina la Stanley. Tunalisoma mu historia tangu shule la musingi: Stanley alimukuta Livingstone kule Ujiji, Stanley alishuka Lualaba mupaka ku bahari, Stanley alimutumikia mufalme Leopold II. Wazee walisema Stanleyville mbele muji ule uitwe Kisangani. Lakini ukiuliza mu kilasi jina lile linatoka wapi na lina maana gani, wote wananyamaza. Na ukisema kwamba halikuwa jina lake, wanazani unachekesha. Alizaliwa na jina lingine. La Stanley alilichukua akiwa kijana, kisha akakaa maisha yote akilitafutia historia.

Tuanze na jina lenyewe.

Kwetu, watoto sita wa baba mumoja wanaweza kuwa na majina sita. Mumoja ni Bahati, mwingine Zawadi, mwingine amepewa jina la babu yake. Kwa Waingereza si vile. Baba, mama na watoto wanabeba jina moja la jamaa, na linapita toka kwa baba mupaka kwa mutoto miaka mia na mia. Lakini hata wao hawakuwa na desturi ile tangu mwanzo. Zamani John alikuwa John tu. Nyuma ya mwaka wa 1066, wakati watu wa Normandie walipotoka Ufaransa wakashinda Uingereza, wenye ardhi walianza kujiita kwa jina la ardhi yao, na pole pole, katika miaka mia tatu hivi, desturi ile ikashuka mupaka kwa watu wadogo. Majina mengine yalitoka ku kazi: Smith ni mufua chuma, Baker ni mupika mikate. Mengine ku jina la baba, sawa Johnson, mwana wa John. Mengine ku umbo la mutu, sawa Short, mufupi. Na mengi sana yalitoka ku fasi mutu alipokaa. Stanley ni la namna hii.

Mu Kiingereza cha zamani, stan ni jiwe, na leah ni fasi wazi katikati ya pori, pale watu wamekata miti. Fasi ya namna hii tunaijua vizuri sisi wenyewe: unafyeka pori, unapanda muhogo, na jembe linagonga mawe kila mara. Stanley ni ile, shamba la mawe ndani ya pori. Na kwa kuwa mashamba ya mawe hayakosekani, vijiji vyenye kuitwa Stanley ni vingi: kiko mu Derbyshire, kiko mu Durham, mu Yorkshire, mu Wiltshire, mu Staffordshire. Njo maana Stanley wawili wanaweza kukutana mu njia bila kuwa ndugu hata kidogo.

Jamaa kubwa ya Stanley ilitoka ku kile cha Staffordshire. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 mufalme Henry IV alimupa John Stanley kisiwa cha Man, na wazao wake wakakitawala. Mwaka wa 1485, ku vita ya Bosworth, Thomas Stanley alifika na askari wake akasimama pembeni kuangalia nani atashinda. Mwisho ni ndugu yake William aliyeingia vitani upande wa Henry Tudor, na mufalme Richard III akauawa. Thomas alikuwa bwana ya mama ya Henry Tudor. Mufalme mupya akamupa cheo kikubwa cha Derby, na jamaa yake inakishika mupaka leo. Makao yao makubwa, Knowsley, ni karibu na Liverpool.

Sasa angalia. Mwisho wa mwaka wa 1858, ku bandari ile ile ya Liverpool, kijana wa miaka 17 alipanda meli ya kwenda Marekani. Hakuwa na feza, alipewa kazi ya mutumishi wa meli. Siku zile waziri mukuu wa Uingereza alikuwa Edward Stanley, mukubwa wa Derby wa 14. Kijana yule hakuwa na udugu wowote naye. Jina lake lilikuwa John Rowlands.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 mu Denbigh, muji mudogo wa kaskazini ya Wales. Wales ilikuwa chini ya taji moja na Uingereza, lakini watu wake wana luga yao na desturi zao. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa musichana bila bwana. Ku kanisa waliandika mutoto kwa jina la John Rowlands, yule waliyesema ni baba yake, na pamoja na jina wakaandika kwamba ni mutoto wa haramu. Neno lile likaingia mu kitabu cha kanisa kwa wino, mutoto mwenyewe hajajua hata kucheka.

Mama akaenda zake London. Mutoto akalelewa na babu yake, Moses Parry, muuza nyama wa zamani. Mwaka wa 1846 babu akafa kwa gafula, na mutoto alikuwa na miaka mitano. Wajomba wakamuweka kwa watu wengine, wakawalipa shilingi mbili na nusu kwa juma moja. Kisha wakachoka kulipa. Tarehe 20 Februari 1847 kijana wa nyumba ile akamushika mukono, akamwambia kwamba wanaenda kutembelea mama mukubwa wake. Wakatembea safari ndefu, na alipochoka kijana akamubeba ku mabega. Wakafika mbele ya nyumba kubwa ya mawe. Kijana akavuta kengele, mulango ukafunguka, mutoto akaingizwa, na aliyemuleta akarudi peke yake.

Ilikuwa nyumba ya masikini ya St Asaph. Sheria ya wakati ule ilisema masikini asiye na mutu wa kumutunza asaidiwe ndani ya nyumba ya namna hii. Anavaa nguo za nyumba, anakula kwa kipimo, anafanya kazi, na wazazi wanatengwa na watoto wao. Mutoto yule alikaa mule karibu miaka kenda. Alijifunza kusoma, kuandika, hesabu, ramani za inchi, na Kiingereza juu ya luga ya kwao. Alikuwa na akili. Mwaka wa 1855 askofu alimupa Biblia kwa sababu ya bidii yake.

Jambo moja la mule aliliandika mwenyewe akiwa muzee. Alipokuwa na miaka kenda au kumi hivi, mwanamuke mumoja aliletwa mule pamoja na watoto wawili. Mukubwa wa nyumba akamuuliza kama anamujua. Hapana, hakumujua. Akaambiwa kwamba njo mama yake. Mutoto akamuangalia akingoja kitu fulani, na mama akamuangalia kwa macho ya baridi. Basi. Hakukuwa kitu kingine.

Aliandika vilevile kwamba mu 1856 alimupiga mwalimu mukali wa nyumba ile, akaruka ukuta akakimbia. Vitabu vya nyumba haviandiki neno juu ya vita ile. Na hapa njo tunaanza kuona tabia yake. Mambo yaliyomupata yalikuwa mazito ya kutosha, lakini yeye aliongeza kila mara kitu juu yake, ili katika hadisi asiwe mutu wa kuhurumiwa, awe mutu wa kushinda.

Turudi ku meli. Mu 1859 ilifika New Orleans, muji wa pamba kusini ya Marekani. Kwa kuwa walimutesa mu meli, kijana akatoroka. Kadiri ya maneno yake, asubuhi moja alimuona bwana mumoja ameketi mbele ya duka akisoma gazeti, akamuuliza kama anahitaji kijana wa kazi. Bwana yule alikuwa Henry Hope Stanley, mufanya biashara ya pamba. Akamupenda, akamufanya mwana wake, akamupa jina lake zima, wakasafiri pamoja mu mito ya Marekani, mupaka bwana akafa mu 1861.

Hadisi nzuri. Tatizo ni kwamba wale waliochunguza walikuta mambo mengine. Henry Hope Stanley alikuwako kweli, na alifanya kweli biashara ya pamba. Lakini hakufa mu 1861, alikufa mu 1878. Na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alimufanya kijana kuwa mwana wake. Aliyemupa kazi hakika alikuwa muuza vyakula, James Speake, na yeye alikufa mu 1859. Wengi wanazani kwamba kijana alilijua jina la Stanley sawa vile sisi tunajua majina ya matajiri wa muji, akaliokota. Sasa kwa nini kumuua yule baba kwa kalamu miaka 17 mbele ya wakati? Mimi nazani ni hivi: baba aliyekufa hawezi kuulizwa kitu.

Jina Henry nalo lina mambo. Zamani watu wa Wales hawakuwa na jina la jamaa. Walisema ap, maana yake mwana wa. Ap Harry, mwana wa Harry, watu wakalisema kwa haraka mupaka likawa Parry. Na Harry ni Henry katika kinywa cha watu wa kawaida. Kumbe kijana alitupa jina la baba asiyemujua, akafikiri amechukua jina la mugeni, na kwa kujiita Henry akarudi bila kujua ku jina la upande wa mama yake! Jina la katikati lilimusumbua zaidi. Alijaribu Morley, akajaribu Morelake, akajaribu Moreland, na nyuma ya miaka mingi akasimama ku Morton.

Vita ya Marekani nitaipita mbio. Mu 1861 aliingia askari wa kusini, mu Aprili 1862 akakamatwa ku vita ya Shiloh, akafungwa Chicago, akakubali kugeuka askari wa kaskazini ili atoke mu kifungo, akaugua, wakamwachilia. Akarudi Wales mwaka ule ule, mugonjwa, nguo zimeraruka, akagonga ku mulango wa mama yake. Mama alimupa fasi ya kulala usiku mumoja, na kesho yake akamufukuza kwa kuwa anamuletea haya. Miaka ine nyuma, mu Desemba 1866, alirudi tena, lakini safari hii akiwa amevaa nguo ya ofisa wa meli za vita za Marekani, cheo ambacho hakuwa nacho. Akaandika mu kitabu cha wageni cha ngome ya Denbigh kwamba yeye ni John Rowlands wa pale, sasa ofisa. Sasa mama akamupokea vizuri. Mutu afikirie mwenyewe kijana alijifunza nini hapo.

Akawa muandishi wa gazeti New York Herald. Mu 1869 mwenye gazeti akamutuma kumutafuta David Livingstone, mumisioneri kutoka Scotland ambaye Bulaya hawakuwa tena na habari zake. Stanley akatoka Bagamoyo mu Machi 1871, akamukuta Ujiji mwisho wa mwaka ule. Maneno ya salamu yake yanajulikana dunia nzima, lakini ukurasa wa siku ile katika daftari yake umekatwa, na hakuna mutu anaweza kusema hakika kama aliyasema au aliyatunga nyuma. Jambo moja la kuchekesha: jina la Livingstone linaonekana sawa kwamba ndani yake kuna jiwe, lakini halina. Linatoka ku Livingston, karibu na Edinburgh, maana yake muji wa mutu aliyeitwa Leving. Kwa hiyo siku ile ku Ujiji, aliyekuwa na jiwe katika jina lake ni yule ambaye jina halikuwa lake.

Wale wawili walipanda mutumbwi wakaenda mupaka kaskazini ya ziwa Tanganyika, wakaona kwa macho kwamba Ruzizi inaingia mu ziwa, haitoki, basi haiwezi kuwa mwanzo wa Nile. Wakakaa pamoja mupaka Machi 1872. Livingstone alimutendea sawa vile baba anamutendea mwana. Hii si hadisi ya kutunga. Nazani huyu njo baba aliyempata kweli, miezi mine tu.

Aliporudi London magazeti ya Wales yakaanza kusema: huyu si Mumarekani, huyu ni John Rowlands wa Denbigh. Akakana. Alikuwa amemukuta Livingstone kweli, na bado alitetemeka kwa sababu ya daftari moja ya kanisa.

Mbele ya kuendelea niseme juu ya mutoto mumoja, sababu vitabu vya masomo havimutaji. Mu 1871, kule Unyanyembe, mufanya biashara Mwarabu alimupa Stanley zawadi: mutoto mutumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley hakupenda jina lile. Akaita watu wake wa safari watafute lingine, mumoja akataja hili, mwingine lile, na mwisho wakachagua Kalulu, kwa kuwa mutoto alikuwa mwembamba na macho yake yalingaa sawa ya mutoto wa paa. (Kwa Wabemba kalulu ni sungura.) Mutu aliyetupa jina lake mwenyewe akamuvua mutoto jina lake kwa dakika chache. Akamupeleka Uingereza na Marekani, akamutia mu masomo London. Mu Aprili 1874 Kalulu alikuwako wakati Livingstone alipozikwa mu kanisa kubwa la Westminster. Stanley alikuwa kati ya wale waliosindikiza sanduku, na mukubwa wa kanisa lile siku zile alikuwa Arthur Penrhyn Stanley, Stanley wa kweli, wa ile jamaa ya zamani.

Mwaka ule ule, mu Novemba 1874, Stanley akaondoka tena Bagamoyo. Alikuwa na Wazungu watatu na mamia ya Waswahili na Wanyamwezi, na Kalulu ndani yao. Akazunguka ziwa Victoria, akakaa kwa Mutesa wa Buganda, na barua yake juu ya Mutesa, iliyotoka mu gazeti la London mu 1875, njo iliwaita Wamisioneri wa kwanza wa Kiprotestanti kule. Lakini ku ziwa lile lile, ku kisiwa cha Bumbireh, aliwapiga watu risasi kutoka mu mitumbwi, wengi wakafa, na aliyaandika mwenyewe mu magazeti bila haya. Watu waliosoma walikasirika. Mu Oktoba 1876 alifika Nyangwe, akapatana na Tippu Tip amusindikize sehemu ya njia, kisha akashuka Lualaba ambao Livingstone aliuzania kuwa Nile. Tarehe 9 Agosti 1877 walifika Boma, nyuma ya siku 999. Wazungu wake watatu wote walikuwa wamekufa, na wengi zaidi ya nusu ya watu waliotoka naye hawakuwako tena, wamekufa ao wametoroka. Kalulu alikufa mu Machi 1877, mutumbwi wake ukavutwa na maji makali huku chini ya Pool. Stanley akaziita poromoko zile Kalulu. Ndugu M'hali hakuna fasi linapoandikwa.

Njia yake ikafunguka. Mu 1878 Wamisioneri wa kwanza wa Kiprotestanti waliingia Kongo ya chini, na mu 1881 walifika Pool. Mutu mwingine aliyesoma habari ile alikuwa mufalme Leopold II wa Ubelgiji. Mu 1879 Stanley akarudi kwa kazi ya Leopold, na hapa njo alipata jina la tatu.

Kutoka Vivi mupaka Isangila ni karibu kilometa 80 za mawe na milima. Alitaka kupitisha meli ndogo juu ya magari, kwa hiyo walipaswa kutengeneza barabara. Kazi ikawa ya nyundo na baruti, mwaka wote wa 1880. Alishika nyundo mwenyewe kuwaonyesha watu namna ya kupasua jiwe. Wakongo walioangalia wakamuita Bula Matari. Mu Kikongo bula ni kupasua, matadi ni mawe, sawa vile muji wa Matadi. Wale watu hawakujua kitu juu ya Staffordshire wala Kiingereza cha zamani. Mutu aliyejichagulia jina la shamba la mawe, wao wakamuita Mupasua mawe, kwa kumuangalia tu. Yeye alifurahi sana na jina hili. Nazani ni kwa sababu hakulitunga. Lilikuwa la kwanza alilopewa na watu kwa kazi yake, na mutu wa Wales hakuweza kuandika barua ya kulikataa.

Lakini jina halikubaki kwake peke yake. Alijenga vituo, alianzisha Léopoldville mu 1881 kwa Ngaliema, sultani ambaye mu 1877 alimujua kwa jina la Itsi, wakanywa udugu wa damu. Mu Desemba 1883 akaanzisha kituo cha Stanley Falls. Fasi zote masultani walitia alama ku mikataba, wakipewa vitambaa na vitu vidogo, na mikataba ile njo iliwekwa ku meza mu Berlin 1884 na 1885, wakati Leopold alipopata Kongo. Na serikali ilipokuja, watu wakaiita vilevile Bula Matari. Mukubwa wa posta ni Bula Matari, kodi ni ya Bula Matari, askari wenye fimbo ni watu wa Bula Matari. Wakati wa kaucu, miaka ya 1890, jina lile likawa la kutisha watu.

Wengine wanasema Stanley hana kosa ndani ya kaucu, sababu aliacha vituo vya Leopold mu 1884. Mimi sikubali nusu ya maneno hayo. Ni kweli hakukata mikono ya watu. Lakini barabara ni yake, mikataba ni yake, na hakusimama mbele ya watu kumukataa mufalme wake. Namuhurumia sana mutoto wa St Asaph. Huruma ile haifiki Vivi.

Mu 1887 alirudi mara ya mwisho, kumutoa Emin Pasha karibu na ziwa Albert. Akapita pori la Ituri, watu mamia wakafa kwa njaa na magonjwa, na wale alioacha nyuma ku Yambuya wakapata mateso makubwa zaidi. Mu 1888 aliona teluji ya Ruwenzori. Akafika Bagamoyo mu Desemba 1889.

Tarehe 12 Julai 1890 alioa Dorothy Tennant, mu kanisa lile la Westminster. Mu 1892 akarudia kuwa Mwingereza, mu 1895 akachaguliwa mu bunge, mu 1899 akapewa cheo cha Sir. Hawakuzaa. Wakachukua mutoto mudogo wa kiume, Denzil, wakamufanya mwana wao kwa kweli, na akabeba jina la Stanley. Hadisi ya New Orleans, ile ambayo haikutokea, safari hii ilitokea, na yeye njo alikuwa bwana mwenye kumupokea mutoto. Karibu na mutoto yule aliandika mambo ya utoto wake, nyumba ya masikini na kengele ya mulango, lakini ku New Orleans hakubadilisha kitu. Kitabu hakikuisha. Bibi yake alikitoa mu 1909.

Stanley alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Bibi yake alitaka azikwe Westminster karibu na Livingstone. Mukubwa wa kanisa lile, Armitage Robinson, akakataa. Wakamuzika ku kijiji cha Pirbright. Bibi akatafuta jiwe ku milima ya Dartmoor, jiwe kubwa ambalo halijachongwa, wakalisimamisha juu ya kaburi. Juu yake wameandika Henry Morton Stanley, chini yake Bula Matari, kisha miaka yake na neno Afrika. Rowlands halimo.

Huku kwetu jina lake lilipunguka. Mu 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Stanley Pool ikawa Pool Malebo, Stanley Falls ikawa Boyoma, na mu miaka ya 1970 wakaangusha sanamu yake mu Kinshasa, juu ya kilima kinachoitwa sasa Ngaliema. Ilikuwa wakati wa otantisite, ambapo mu 1972 wazazi wetu walipaswa kuacha majina yao ya ubatizo. Ku Ruwenzori mulima wa juu kuliko yote, meta 5109, ungali unaitwa Stanley.

Mu Denbigh walimusimamishia sanamu mu 2011. Mu 2021 wakaulizana kama waiondoe, wakapiga kura, wengi wakasema ikae. Na nyumba ya masikini ya St Asaph ilifanywa hospitali, ikaitwa hospitali ya H. M. Stanley. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Wales waliingia kwa mulango wa nyumba ile ambamo John Rowlands aliachwa, na juu yake pameandikwa jina lile lingine. Ilifungwa mu 2012.